Jina Lililopigwa Taipu Mara Mbili

Shangazi yangu aliitwa Sekretari na kila mtu, hata na mama yake mzazi. Siku hizi watu wa kazi yake huitwa makatibu muhtasi, na barua ya ofisi ilipomjia ikiwa na cheo hicho kipya, aliikunja akairudisha kwenye bahasha yake. "Katibu ni neno la Kiarabu," aliniambia. "Maana yake mwenye kuandika. Kuandika, hata wewe wa darasa la tatu unaandika. Mimi ni sekretari." Alilitamka kwa kuliburuta kidogo, kama mtu anayetaja ukoo wake mbele ya wageni.

Nitaeleza habari zake, na nitazieleza nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe. Nilimpenda sana. Lakini yeye na baba yangu, ambaye ni mdogo wake tumbo moja, walikaa miaka kumi na minne bila kusemeshana, na katikati walinikalisha mimi. "Mwambie shangazi yako chai inapoa." "Mwambie baba yako chai haina sukari." Na wote wawili wako meza moja, viwiko vinakaribia kugusana. Nilikuwa na umri wa miaka tisa mambo hayo yalipoanza. Yalipokwisha nilikuwa mwalimu, nina wanafunzi wangu mwenyewe, na bado nilikuwa nabeba habari za sukari.

Chanzo cha yote ni neno. Nikisema hivyo watu wananitazama kwa huruma, wanadhani ualimu wa lugha umenipanda kichwani. Wacha niwaeleze.

Shangazi alikuwa na miaka kumi na tisa alipopelekwa chuo cha uhazili. Mwalimu wao wa taipu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kusomea upadri akaishia njiani, akabaki na Kilatini chake bila mahali pa kukitumia. Siku ya kwanza, kabla hajawaruhusu wasichana kugusa mashine, aliandika ubaoni maneno manne, moja chini ya jingine. Sekretari. Secretary. Secretarius. Secretum. Akawaambia kwamba la kwanza tumelichukua kwa Waingereza, nao Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, na hilo la mwisho kabisa ndilo lililoyazaa mengine yote. Maana yake ni siri.

"Zamani," akasema, "mfalme alikuwa na mtu mmoja aliyezijua barua zake zote, za vita na za mapenzi. Huyo ndiye secretarius. Kwa hiyo ninyi, mabinti, hamkuja hapa kujifunza kubonyeza vitufe. Mkitoka na kasi ya maneno themanini kwa dakika na midomo yenu iko wazi, nitakuwa nimefundisha wapiga chapa tu."

Wenzake walicheka. Yeye alinakili. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya saba, na nyumbani kwao hakuwahi kumiliki hata kitana peke yake. Godoro la wote, sabuni ya wote, na lolote lililosemwa jikoni lilijulikana mpaka kwa jirani kabla sufuria haijaepuliwa. Nadhani siku ile alipewa kitu cha kwanza ambacho hakuna mdogo wake ambaye angeweza kukiazima. Alilishika lile neno kwa mikono miwili, na hakuliachia tena.

Akaajiriwa kiwanda cha viberiti. Chumba chake kilikuwa baina ya ukumbi na mlango wa meneja, chembamba, kina dirisha moja lililotazama ghala, na harufu ya salfa iliingia humo hata dirisha likifungwa. Ufunguo wa kabati la mafaili aliuvaa shingoni, ndani ya nguo. Akishapiga barua ya siri, karatasi ya kaboni hakuitupa kama wengine. Kaboni iliyotumika mara moja, ukiiinua kwenye mwanga, unasoma kila kitu. Yeye aliikata kwa mkasi vipande vyembamba, kisha akavichanganya kwa mkono, vidole vikabaki na wino wa buluu siku nzima. Mchumba mmoja alimwacha kwa tabia hizo. Alilalamika kwamba kumuuliza huyu mwanamke ameshindaje kazini ni sawa na kuomba faili la serikali.

Baba yangu aliingia kiwandani humo miaka saba baada yake. Alikuwa fundi wa mashine ya kukata njiti, na mashine ile aliijua kama mtu anavyomjua mke mkorofi: akisikia imebadili sauti, anaacha anachokifanya na kwenda kuitazama. Mchana yeye na dada yake walikaa benchi moja nyuma ya ghala wakila. Kila siku baba alimchokoza.

"Dada, huko juu wanasemaje?"

"Wanasema ule unyamaze."

"Mshahara unapanda?"

"Usiniulize mambo ya ofisi."

Ulikuwa mchezo wao. Wafanyakazi wengine waliukariri, wakawa wanamjibia shangazi kabla hajafungua kinywa. Miaka kumi na mitano ulichezwa kwenye benchi lile.

Jumatatu moja asubuhi meneja alifunga mlango mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akampa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Majina thelathini na manane ya watu watakaopunguzwa. Orodha itabandikwa mwisho wa mwezi, akamwambia, na kabla ya hapo asijue mtu, maana watu wakijua mapema mashine zitaharibiwa. Shangazi akakaa, akaweka karatasi mbili na kaboni katikati, akapiga. Jina la mdogo wake lilikuwa la ishirini na sita.

Alipozichomoa kwenye mashine, karatasi ya chini, ya nakala, ilikuwa nyeupe. Majina yote yalikuwa yamejichapa mgongoni mwa karatasi ya juu, yametazama nyuma. Alikuwa ameiweka kaboni kinyume, upande wa wino ukitazama juu. Hilo ni kosa la msichana wa wiki ya kwanza chuoni, na yeye alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Ikabidi apange karatasi upya na kuanza jina la kwanza. Kwa hiyo jina la baba yangu alilipiga mara mbili asubuhi ile. Kisha akachukua mkasi, akaikata kaboni.

Kesho yake, Jumanne, baba alifika kwenye benchi amechangamka. Kiwanda kipya cha uchapishaji, upande wa pili wa mji, kilikuwa kinamtaka awe fundi mkuu. Walikuwa wanataka jibu Alhamisi. Alikuwa hajui ashike lipi. Huko angekuwa mkubwa, lakini ni wageni, pengine mwakani wamefunga virago. Hapa anajulikana, na mashine yake iko hapa.

"Dada," akasema, "leo sikutanii. Nikae au niende?"

Shangazi akatazama chakula chake. "Usiniulize mambo ya ofisi."

Baba akacheka, akampiga begani. Alisikia jibu lile lile la siku zote, na jibu la siku zote maana yake mambo ni yale yale ya siku zote. Angekuwa mtu mwingine yeyote ndiye aliyeulizwa, angesita, angekohoa, na baba angeshtuka. Shangazi alikuwa amelijibu swali lile kwa miaka kumi na mitano bila kusita.

Jumatano jioni alikuja nyumbani kwetu. Hiyo naikumbuka mwenyewe. Aliniletea sweta ya shule iliyobaki mkono mmoja kumalizika, akasema atamalizia papo hapo. Akafuma. Akanywa chai vikombe vitatu. Baba alikuwa anapiga hadithi kuhusu watu wa uchapishaji, namna anavyojiandaa kuwaambia hapana kwa adabu. Shangazi akamaliza mkono wa sweta, akaukata uzi kwa meno, akaaga. Mlangoni alisimama kidogo, mama akamuuliza, "Wifi, umesahau kitu?" Akasema hapana.

Alhamisi baba akakataa kazi.

Orodha ilipobandikwa getini, baba aliisoma mara ya kwanza akicheka, kwa sababu alidhani ni orodha ya zamu. Alirudi nyumbani saa sita mchana na kikombe chake cha bati, ovaroli yake imekunjwa kwapani. Shangazi alimfuata alasiri ile ile. Mama alinituma nje, nami nikaenda hadi nyuma ya pazia la mlango, nikaishia hapo.

Baba hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwambia, "Dada, sema tu kwamba hukuisoma. Wewe mwenyewe husema vidole ndivyo vinavyosoma, kichwa hakipo. Sema hivyo, yaishe."

Alikuwa anamfungulia mlango. Hata mimi, mtoto, niliuona umefunguliwa, na nilikuwa namwombea shangazi apite.

"Niliisoma," akasema. "Niliipiga mara mbili."

Baba akaikunja upya ovaroli yake. Kisha akasema, "Basi kuanzia leo sina la kukuuliza."

Na kweli hakumuuliza tena.

Watu wa uchapishaji walikuwa wamekwisha pata mtu. Baba akafungua karakana barazani kwetu, akawa anatengeneza cherehani na pampu za baiskeli. Hakuwa hodari wa kazi hiyo. Mikono yake ilikuwa imezoea mashine moja kubwa, na vile vidude vidogo vilimponyoka na kubingirika chini ya kabati, akawa anapiga magoti kuvitafuta. Nilichukia kumwona amepiga magoti. Wakati mwingine aliacha kazi na kutega sikio, na mimi nilijua kwamba anasikiliza mashine ambayo haipo.

Shangazi hakuacha kuja. Kila Jumapili, saa nne, na kitu mkononi. Baba hakumfukuza, wala hakuondoka mezani. Alimkubali kama mvua. Ila hakumwambia neno, na lolote lililohitaji kusemwa lilipitia kwangu. Kiwanda chenyewe kilifungwa miaka sita baadaye, na shangazi akarudi nyumbani na ile mashine yake ya taipu, wakampa kama zawadi ya kumuaga. Aliifunika kitambaa, akaiweka juu ya meza ndogo chumbani mwake. Sikuwahi kumwona akiipiga.

Nilipoanza kufundisha, nilipata kamusi kubwa ya asili za maneno, na neno la kwanza kulitafuta lilikuwa hilo. Nilikuwa namtafutia kosa yule mzee wa upadri. Nikakuta alikuwa sahihi, ila safari inaendelea nyuma zaidi. Secretum linatokana na kitenzi, secernere. Se ni kando. Cernere ni kuchekecha, kama unavyochekecha unga, kutenganisha hiki na kile. Kwa hiyo kabla ya siri kuna chekeche. Kuna kitu kimepepetwa kutoka kwa vingine, kikawekwa peke yake.

Nikaenda nalo kwake siku hiyo hiyo, na nikiri, nilikwenda kumuumiza.

"Mwalimu wako alikupa nusu," nikamwambia. "Maana ya zamani kuliko zote ni kutengwa. Ndivyo ulivyo wewe. Umechekechwa, umewekwa kando."

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja. "Hiyo alitufundisha Jumanne," akasema. "Mimi niliipenda ile ya Jumatatu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa sikujua kipi kitangulie, nikapandisha sauti. Nikamwambia kwamba mimi ningesema. Ningemnong'oneza ndugu yangu, niende zangu, dunia isingepasuka.

"Na wale thelathini na saba?"

"Wale si ndugu zako."

"Ni ndugu za watu, mwanangu. Wote walikuwa na dada zao, ila dada zao hawakuwa wamekaa kwenye kiti changu. Ningemwambia wangu, wengine niwatazame vipi usoni pale getini?" Akaiweka nguo juu ya nyingine, akaipapasa. "Usidhani nilikuwa na amani. Ile Jumatano nilikuja kusema. Nilikunywa chai vikombe vitatu nikisubiri mdomo ufunguke."

 Mpaka leo nikilifikiria jambo lile, asubuhi nampa haki baba, jioni nampa haki shangazi.

Baba aliugua mwaka uliofuata. Ilianza kama kiungulia, ikawa maumivu, ikawa kukonda. Daktari alituita mimi na mama akatuambia kwamba ini limekwisha, tumpeleke nyumbani, ni wiki chache tu. Njiani mama akanishika mkono kwa nguvu. "Asijue. Akijua atakata tamaa. Kila anayeingia nyumbani kwangu amwambie atapona." Na ndivyo ilivyokuwa. Majirani waliingia na matunda na uongo. Wamwona amenawiri, wamwona macho yamerudi. Mimi pia nilidanganya, tena kwa ufasaha, kwani hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Asubuhi moja nilikuwa nabadilisha shuka zake. Akasema, "Mwambie shangazi yako..." Akasita. Akaanza upya. "Niitie dada yangu."

Nilikimbia. Nasema kweli, nilikimbia barabarani kama mtoto, na kandambili moja ikakatika nikaiacha.

Shangazi alikuja na nguo alizokuwa amevaa jikoni. Mama alimzuia ukumbini. "Wifi, hajui. Nakuomba kwa Mungu, asijue." Shangazi akasema, "Nimesikia." Akaingia. Mimi nilibaki na shuka mikononi, na mama akasimama mlangoni.

Baba alijiinua kidogo kwenye mto. Alimtazama dada yake usoni, na sikumbuki kama niliwahi kumwona akifanya hivyo tangu nilipokuwa na miaka tisa.

"Dada," akasema, "kila mtu humu ananiambia nitapona. Wewe uliwahi kuninyima neno, lakini uongo hujawahi kuniambia. Nitapona?"

Shangazi akageuka, akamtazama mama. Mama alikuwa anatikisa kichwa, machozi yamejaa. Shangazi akamrudia mdogo wake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika kifundo cha mkono.

"Hutapona, mdogo wangu. Daktari amesema ni wiki chache."

Mama akapiga yowe, akaenda jikoni, tukasikia sufuria inaanguka. Baba alifumba macho. Pumzi ikamtoka ndefu, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Asante," akasema.

Kisha akafumbua macho.

"Kumbe unaweza," akasema. Hakukuwa na ukali wowote katika sauti yake, na hilo ndilo lililonikata maini. "Kumbe unaweza, dada. Kwa nini siku ile hukuweza?"

Shangazi akafungua kinywa. Nilimwona. Akakifunga. Aliendelea kumshika mkono, na baba hakuuondoa, mpaka akapitiwa na usingizi.

Aliishi siku ishirini na mbili. Shangazi alikuja kila siku, na walizungumza, tena sana, kuhusu wadogo zao, kuhusu bibi aliyekuwa akificha sukari kwenye buti, kuhusu mashine ya njiti na meneja aliyeiogopa. Nilikaa ukumbini nikisikia sauti mbili bila ya kuwa mjumbe wa yeyote, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mama hakumpa shangazi hata maji. Swali lile baba hakulirudia. Alikuwa amekwisha liuliza, na alimpa nafasi siku zote hizo.

Siku ya tatu baada ya maziko tulikuwa uani, shangazi na mimi, tunaosha vyombo vya waombolezaji. Nikamuuliza kwa nini hakumjibu.

"Jibu nilikuwa nalo," akasema. "Nimelipanga miaka kumi na minne. Nilikuwa nalisema peke yangu nikipika, nikitembea. Lilikuwa zuri. Lilianza na mwalimu, na ubao, na yale maneno manne, moja chini ya jingine." Akasuuza kikombe, akakiinamisha, akachukua kingine. "Halafu akaniuliza. Nikamtazama alivyokonda. Sasa, mwanangu, nimwambie ndugu yangu anayekufa habari za Kilatini?"